Nakshi isiyo na mshono: kigae kimoja cha kufunika ukurasa mzima

Tandaza kanga na kitenge juu ya meza moja. Kanga ni kipande kilichokamilika: kina pindo pande zote nne, kina mji katikati, na jina lake limeandikwa juu kidogo ya pindo la chini. Ukiikata katikati umeiharibu. Kitenge hakina kichwa wala mguu. Fundi anaanzia popote kwenye jora, anakata anachohitaji, na nakshi inaendelea vilevile kushoto, kulia, juu na chini. Mandharinyuma ya tovuti inayojirudia ni kitenge, na kosa linaloharibu nyingi kati ya zile zinazotaka kuonekana za Kiswahili ni kuichukulia kama kanga. Mbunifu anapiga picha ya kanga nzuri, anaipunguza, anaiacha kivinjari kiirudie, na ukurasa unajaa pindo zinazokatizana kama dirisha lenye nondo.

Kivinjari hakina ujanja wowote katika kazi hii. Kinachukua picha yako, ambayo hapa tutaiita kigae, kinaiweka kwenye kona ya juu kushoto, kisha kinaipanga upande kwa upande mpaka nafasi iishe. Sifa ya background-repeat imekuwemo tangu toleo la kwanza la CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za tovuti, Desemba 1996, na usipoandika chochote thamani yake ni repeat. Kwa hiyo kujirudia ni bure. Kazi yote iko kwenye kigae: ukingo wa kulia lazima uendane na wa kushoto, wa juu uendane na wa chini, na jicho lisigundue kwamba linaona kitu kilekile mara hamsini.

Faida yake ni uzito. Picha ikishafunguliwa ndani ya simu huchukua baiti 4 kwa kila pikseli, hata kama faili lenyewe lilibanwa likawa dogo. Picha moja ya 2000 kwa 2000 inakula baiti milioni 16 za kumbukumbu. Kigae cha 256 kwa 256 kinakula baiti 262,144, na faili lake mara nyingi halifiki kilobaiti 10 likiwa na rangi chache. Kwa msomaji anayefungua ukurasa kwa bando la siku kwenye simu ya bei nafuu, hiyo ndiyo tofauti kati ya ukurasa unaofunguka na ukurasa anaouacha.

Ukubwa wa kigae huamuliwa kabla ya kuchora

Hapa ndipo vigae vingi vilivyochorwa vizuri huharibika. Unakuta kigae hakina kasoro ndani ya programu, lakini kwenye simu panatokea mistari myembamba kama nywele inayokata ukurasa katika miraba. Msanii anarudi kukagua kingo zake mara kumi na haoni kosa, kwa sababu kosa haliko kwenye mchoro. Liko kwenye hesabu.

Pikseli moja ya CSS si pikseli moja ya kioo. Kompyuta nyingi za Windows huwekwa kwenye ukuzaji wa asilimia 125 au 150, yaani uwiano wa 1.25 au 1.5. Simu nyingi za Android zina uwiano wa 2.625 au 2.75. Chukua kigae chenye upana wa 50: kwenye uwiano wa 1.25 kinakuwa 62.5, na kwenye 2.625 kinakuwa 131.25. Hakuna nusu pikseli kwenye kioo. Kivinjari kinalazimika kuchanganya rangi za ukingoni, na mchanganyiko huo ndio ule unywele unaouona.

Dawa yake ni kuchagua vipimo vinavyogawanyika kwa 8. Nane mara 1.25 ni 10, mara 1.5 ni 12, mara 2.625 ni 21, mara 2.75 ni 22. Zote namba kamili. Kigae cha 48 kinakuwa 60, 72, 126 na 132. Msomaji wa kompyuta akikuza ukurasa hadi asilimia 110 unahitaji pia mgawanyo wa 10, kwa hiyo vipimo salama zaidi ni vile vya 40: yaani 80, 120, 160, 240. Vipo viwango vya ukuzaji, kama asilimia 67, visivyokubali hesabu yoyote ya kawaida. Kwa hivyo weka background-color yenye rangi ileile ya ardhi ya kigae chako, ili unywele ukitokea ukose pa kuonekana. Mstari huo mmoja wa CSS husahaulika kuliko yote, na ndio unaookoa pia wakati picha haijafika kwa sababu mtandao ni mzito.

Ukichora kwa pikseli, toa faili lenye ukubwa mara mbili ya litakavyoonekana. Kigae cha 240 kihifadhi kwa 480, kisha andika:

background: #f6efe2 url(nakshi.png) 0 0 / 240px 240px;

Mara tatu haihitajiki kwa nakshi ya nyuma. Ukali unaoongezeka hauonekani chini ya maandishi, lakini uzito unaonekana.

Kuchora na kuziba mshono

Tuseme unachora korosho, lile umbo lililopinda linalojulikana sana kwenye kanga, na unataka zitawanyike bila mpangilio wa wazi. Fungua turubai ya 480 kwa 480. Chora katikati tu, acha kingo tupu. Kisha sogeza picha yote nusu ya upana na nusu ya kimo, 240 kwa 240, ukiiambia programu kwamba kinachotokea upande mmoja kiingie upande wa pili. Katika GIMP amri hiyo iko kwenye menyu ya Layer, chini ya Transform, inaitwa Offset. Katika Photoshop iko kwenye Filter, chini ya Other, kwa jina hilohilo. Kile kilichokuwa kingoni sasa kiko katikati, kama msalaba wa nafasi tupu. Jaza msalaba huo kwa korosho nyingine, bila kugusa kingo mpya. Halafu sogeza tena, safari hii kwa namba isiyo nusu, labda 130 kwa 190, uone kama kuna penye uwazi au msongamano.

Krita hurahisisha jambo hili kwa kubonyeza herufi W: turubai inaanza kujirudia pande zote huku unachora, na kalamu ikivuka ukingo wa kulia inatokea kushoto. Kwa mchoro wa mkono sioni sababu ya kutumia njia nyingine.

Ukichora kwa vekta, yaani maumbo yanayoelezwa kwa hesabu badala ya pikseli, katika Inkscape au kwa kuandika faili la SVG mwenyewe, hakuna kusogeza, kuna kunakili. Umbo linalovuka ukingo wa kulia lazima liwe na nakala yake iliyosogezwa kushoto kwa upana kamili wa kigae: si 239, si 240.3, ni 240. Umbo linalokaa kwenye kona lazima lionekane mara nne, moja kwa kila kona. Watu hukumbuka nakala mbili na kusahau zile nyingine mbili, na matokeo yake ni ua linalokosa robo kila baada ya kigae. Jambo la pili la SVG: mraba wa rangi ya ardhi usiishie hasa kwenye mpaka. Uuanzishe kwenye -2 na uupitilize kwa 2 upande wa pili. Ukiishia mpakani, kivinjari hulainisha ukingo wake na kuacha ufa mwembamba unaopitisha rangi ya chini.

Kingo zikishaendana, nusu ya kazi ndiyo imebaki. Panga vigae vinne kwa vinne, rudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye skrini, kunja macho mpaka picha iwe ukungu. Utaona vitu viwili ambavyo kigae kimoja kilikuficha. Cha kwanza ni mito: nafasi tupu zilizojipanga zikawa njia ndefu zinazoshuka ukurasa mzima. Cha pili ni kinara, yaani umbo moja lililo kubwa kidogo, jeusi kidogo, au lililoinama tofauti na wenzake. Ndani ya kigae lilikuwa pambo. Likijirudia linakuwa safu ya askari, na jicho halitaona kitu kingine. Mito huzibwa kwa kusogeza maumbo mawili matatu yaingie njiani. Kinara hufutwa, hata kama ndicho kilichokupendeza zaidi. Nakshi ya nyuma inataka maumbo yaliyo sawa kwa uzito.

Njia ya wachapaji wa vitambaa ya kuficha mraba ni kushusha kila safu wima ya pili kwa nusu ya kimo. Safu zinapishana, na jicho linashindwa kushika mstari ulionyooka. CSS haina neno moja la kufanya hivyo, kwa hiyo unaifanya ndani ya faili: tengeneza kigae chenye upana mara mbili, weka mchoro wako kama ulivyo nusu ya kushoto, na nusu ya kulia weka uleule ulioshushwa kwa nusu ya kimo, sehemu inayotoka chini ikiingia juu. Kigae cha 240 kwa 240 kinakuwa 480 kwa 240. Mchoro uleule unaoonekana wa kitoto kwenye mpangilio wa miraba hutulia ghafla ukipangwa hivi.

Picha ya mkeka

Vitu vilivyosukwa ni malighafi nzuri sana ya mandharinyuma, na mkeka wa ukindu ni bora kuliko vingi kwa sababu msuko wenyewe tayari ni hesabu inayojirudia. Lakini picha ya mkeka haiwi kigae kwa kuikata tu.

Piga picha siku ya mawingu au kivulini, kamera ikiwa sambamba kabisa na mkeka. Simama mbali kiasi na ukuze kwa lenzi. Ukiinama karibu, chane (vile vipande vyembamba vya ukindu vinavyosukwa) za katikati zitaonekana nene kuliko za pembeni, na hizo hazitaungana kamwe. Ndani ya programu nyoosha kwanza, kisha sawazisha mwanga. Hata kivuli usichokiona kwa macho, upande mmoja ukiwa mweusi kwa asilimia tano tu, kitatokea kama ngazi kwenye kila mshono. Njia ya kukiondoa: nakili tabaka, itie ukungu wa Gaussian wenye radiasi kubwa, karibu robo ya upana wa picha, kisha weka tabaka hilo la juu kwenye hali ya Divide. Mwanga usio sawa unajifuta, msuko unabaki. Rangi itapauka, irudishe mwishoni.

Sasa hesabu chane. Msuko wa moja juu moja chini hujirudia kila chane 2. Msuko wa mbili juu mbili chini, ule unaotoa mistari ya mshazari, hujirudia kila chane 4. Kigae chako lazima kiwe na idadi inayogawanyika kwa 2 au kwa 4, kwenda na kushuka. Ukikata chane 18 za msuko wa nne, mshazari utavunjika kwenye kila mshono na hakuna brashi itakayouunga. Chukua 16 au 20. Pia epuka mahali ukili mmoja, yaani ukanda uliosukwa, ulipounganishwa na mwingine kwa uzi, isipokuwa unataka uzi huo uonekane. Ukitaka uonekane, kata kutoka uzi hadi uzi, katikati ya mshono wa kwanza hadi katikati ya unaofuata.

Baada ya hapo sogeza nusu kwa nusu kama kwa mchoro, uponye msalaba wa katikati kwa zana ya Heal au Clone. GIMP ina kichujio kinachoitwa Tile Seamless kinachofanya kila kitu kwa mbofyo mmoja. Kinafaa kwa mchanga, karatasi na ukuta wa chokaa. Kwenye mkeka kinatoa vivuli viwili vilivyopandana, kwa sababu kazi yake ni kufifisha picha moja ndani ya nyingine na hakijui chane ni nini.

Faili la picha kama hii lina mtego wake. JPEG hubana picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kwa mpangilio wa kawaida wa rangi, 16 kwa 16. Kigae cha 250 kitaacha vipande visivyojaa pembezoni, na rangi za ukingo huo zitasogea kidogo kutoka zile za upande wa pili. Mshono uliouziba kwa saa nzima unafumuka wakati wa kuhifadhi. Tumia vipimo vinavyogawanyika kwa 16, usishuke chini ya ubora wa 80, au tumia WebP isiyopoteza data. Nakshi ya rangi chache zilizo tambarare isiguse JPEG kabisa: PNG yenye jedwali la rangi 8 au 16 ni nyepesi zaidi na kingo zake hazibadiliki hata pikseli moja.

Bila picha yoyote

Mistari, vitone na miraba haihitaji faili. Ubao wa drafti:

background: conic-gradient(#eee 25%, #ddd 0 50%, #eee 0 75%, #ddd 0) 0 0 / 40px 40px;

Vitone vilivyopishana ni tabaka mbili za kitone kilekile, ya pili ikisogezwa nusu kigae:

background: radial-gradient(#b5482a 2px, #0000 2.5px) 0 0 / 24px 24px, radial-gradient(#b5482a 2px, #0000 2.5px) 12px 12px / 24px 24px;

Ile nusu pikseli kati ya 2 na 2.5 ndiyo inayolainisha ukingo wa duara. Ukiandika 2px mara mbili kitone kitakuwa na meno.

Mistari ya mshazari ndiyo inayowashinda wengi. Mtu anataka mistari ya upana wa 10, rangi na nafasi, anaitia kwenye kigae cha 20, halafu haiungani. Sababu ni kwamba ukipima kwa mshazari, kigae cha 20 kina urefu wa 28.28, na 28.28 haigawanyiki kwa 20. Tumia asilimia badala ya pikseli:

background: linear-gradient(45deg, #e9d8b4 25%, #0000 0 50%, #e9d8b4 0 75%, #0000 0) 0 0 / 24px 24px;

Robo nne zinagawanya mshazari wenyewe, kwa hiyo huungana daima. Kila mstari utakuwa na unene wa 8.49. Ukitaka mlalo mwingine usio nyuzi 45, chora kwenye SVG na uchague mlalo ulio uwiano wa namba kamili. Nyuzi 30 hasa haziwezi kuungana kwenye kigae cha mraba. Mstari unaopanda 4 kwa kila 7 unazokwenda una nyuzi 29.7 na huungana bila tatizo. Hakuna jicho litakalojua tofauti. Pembesita nazo zina tatizo la namna hiyo: kimo cha kigae chake ni upana mara 1.732. Vipimo vya 120 kwa 208 vinakosea kwa chini ya robo ya pikseli, na vyote viwili vinagawanyika kwa 8.

Ukitaka nakshi ionekane haijirudii kabisa, pandanisha tabaka tatu zenye upana tofauti. Mpangilio mzima utajirudia pale tu upana wa zote tatu unapokutana, yaani kwenye KDS (kigawe kidogo cha shirika) yake. Ndiyo sababu wabunifu hupenda namba tasa, wakifuata mfano wa nyenje wa Amerika Kaskazini wanaotoka ardhini kila baada ya miaka 13 au 17. Namba tasa tupu zinavunja kanuni ya nane, lakini zizidishe kwa nane: 88, 104 na 136 zinatokana na 11, 13 na 17, na hukutana baada ya pikseli 19,448. Hakuna skrini ya kawaida yenye upana huo. Tabaka mbili za juu ziwe na uwazi, maumbo machache kila moja, la sivyo unapata vurugu.

Maandishi juu ya nakshi

Nakshi iliyo nyuma ya maandishi ipimwe kwa rangi yake mbaya zaidi, siyo kwa wastani. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya herufi na kilicho nyuma yake. Kijivu #767676 juu ya nyeupe kinapata 4.54, kinapita kwa shida. Weka nyuma yake nakshi nyeupe yenye maua ya #eeeeee, rangi ambayo watu wengi huiona kuwa karibu nyeupe, na kila herufi inayopita juu ya ua inashuka hadi 3.9. Kwa hiyo ama utie maandishi weusi zaidi au upunguze ua. Kwa kurasa za kusoma, rangi mbili za nakshi zisitofautiane zaidi ya kama 1.1 kwa 1. #F3f3f3 juu ya nyeupe ni 1.11 na inatosha.

Ukubwa wa maumbo nao una uzito. Herufi ya pikseli 16 ina mwili wa kimo cha karibu 8. Nakshi yenye maumbo ya kati ya 4 na 20 inashindana na herufi kwa ukubwa uleule, na msomaji anachoka bila kujua kwa nini. Ama iwe chembechembe ndogo zilizofifia, au iwe maumbo makubwa ya 100 na zaidi. Na kama nakshi ni nzuri na nzito kiasi kwamba unataka ionekane hasa, itoe nyuma ya maandishi: iweke kichwani mwa ukurasa na chini kabisa, aya zikae juu ya rangi tupu.

Kama unachotaka hasa ni kanga, nayo inawezekana, ila si kwa kigae kimoja. Pindo ni kazi ya border-image, mji ni kazi ya kigae. Chora picha ya mraba wa 480 uliogawanywa tisa: kona nne za 160, na kati yake vipande vinne vya pindo vinavyojirudia. Kisha:

border: 24px solid; border-image: url(pindo.png) 160 round; background: #7a1020 url(mji.png) 0 0 / 120px 120px; background-clip: padding-box;

Ile 160 haina px kwa sababu inahesabu pikseli za picha. Neno round hunyoosha kipande cha pindo kidogo ili idadi yake iwe kamili, ua lisikatwe likifika konani. Kwenye simu ya upana wa 360, zikitolewa kona mbili za 24, zinabaki 312, ambazo ni vipande 13 kamili. Ukisahau solid, pindo halitokei kabisa. Ukisahau padding-box, mji unapenya chini ya pindo kwenye sehemu zenye uwazi. Na usijaribu kuviringisha kona kwa border-radius, maana haikati border-image.

Jina la kanga liache liwe maandishi halisi, siyo sehemu ya picha, ili lisomeke na kila kifaa, likuzwe na likopiwe. Lipange katikati, kwa herufi kubwa, juu kidogo ya pindo la chini.